Kufufua shoka kuukuu na kulitia mpini mpya

Mwezi wa kwanza, jua la Moshi likiwa linachoma, mama mmoja wa Uru alinishushia shoka lililofungwa kwenye gunia. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. "Baba," akaniambia, "mpini nibadilishie. Ila kichwa usikitie motoni. Marehemu alikuwa mkali sana kwa hilo." Nikakifungua. Kutu ilikuwa nyekundu kama udongo wa barabara ya kwao, mpini umekatikia shingoni, na kwenye tundu kumepigiliwa misumari mitano ili kukaza kipande kilichobaki.

Marehemu alijua alichokuwa anasema. Nimeshika mashoka mengi, na yaliyoharibika kabisa karibu yote yaliharibikia kwa aliyetaka kuyatengeneza: moto, grenda, msumari, na ndoo ya maji. Ukiviepuka hivyo vinne, shoka la miaka 60 litakata vizuri kuliko jipya la dukani. Nitaeleza kazi yote kama ninavyoifanya, nikitumia shoka la yule mama kuonyesha.

Kuchagua kichwa

Vichwa vya zamani utavipata kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanaokuuzia kwa kilo, au pale Kiboriloni wanapotandaza vyuma chini. Lakini vizuri zaidi viko juu ya dari za jikoni vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo, vimesahaulika tangu babu alipofariki. Piga brashi ya waya kidogo ubavuni uone kama kuna muhuri. Mengine ni ya Uingereza, kama Elwell, mengine ni ya Hults Bruk ya Sweden, mengine yametoka kiwanda chetu cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI. Ukiona namba kama 3½, hizo ni ratili. Ratili moja ni kama gramu 450, kwa hiyo kichwa hicho kina kilo 1.6 hivi, uzito wa kutosha kwa mtu mzima kukata mti bila kuchoka mapema.

Jina lisikuvutie kabla hujapima uzima wa chuma. Pitisha kamba kwenye tundu, lining'inize, kisha ligonge kwa nyundo ndogo. Kichwa kizima hulia kama kengele na mlio ukabaki hewani. Chenye ufa hutoa sauti ya debe. Angalia hasa pembe za tundu, mahali ukuta wa chuma ulipo mwembamba. Ufa wa hapo hautibiki, na kichwa kinaweza kupasuka mtu akiwa amelinyanyua. Kisogo kilichopondeka kwa kugongea kabari za chuma kinasamehewa, mradi kingo zilizojikunja uzipunguze kwa tupa zisije zikaruka vipande.

Kisha makali. Chukua tupa yenye meno mazuri uipitishe taratibu. Ikiuma kwa shida na kutoa unga mwembamba, hiyo ndiyo pua, yaani chuma kigumu cha makali, yenye ugumu wake. Ikizama kama inakwangua msumari, makali yameshalainika. Ikiteleza bila kuuma kabisa, ni magumu kupita kiasi na yatameguka kwenye fundo la kwanza. Kumbuka kwamba ugumu huo haupo kichwa kizima. Kwa kawaida uko sentimita chache tu kutoka ukingoni, na nyuma yake chuma ni laini kwa makusudi ili kimeze mshtuko. Shoka lililonolewa miaka mingi hadi likawa fupi kama kucha linaweza kuwa limemaliza pua yake yote.

Ukikuta makali yamelainika, usijaribu mwenyewe. Peleka kwa mfua chuma anayejua kuchovya na kurudisha ugumu. Mamba, jirani na Marangu, kazi hiyo hurithishwa ndani ya koo tangu enzi za mikuki, na wapo wanaoifanya mpaka leo.

Kutoa mpini uliovunjika

Hapa ndipo mashoka mengi hufia. Njia ya haraka ambayo kila mtu ameiona ni kukitupa kichwa chenye kipande cha mti kwenye mafiga, mti uungue, asubuhi ukitoe majivuni. Moto wa kuni hupita nyuzijoto 600 bila taabu. Ugumu wa makali huanza kupungua chuma kinapovuka 200 na kitu, na kikishageuka rangi ya bluu, karibu nyuzijoto 300, umeshapoteza mengi. Ulichookoa ni nusu saa ya kazi. Ulichochoma ni kile kilichofanya shoka liitwe shoka.

Fanya hivi. Kata mpini kwa msumeno, sawasawa na chini ya kichwa. Bana kichwa kwenye jiliwa, upande wa juu ukitazama chini na ukiwa wazi. Toboa matundu manne au matano kwenye mti uliobaki kwa drili, yakaribiane, ili mti ulegee. Kisha weka kipande cha nondo butu kwenye mti na upige kwa nyundo kutoka upande wa mpini, mti utokee upande wa juu wa kichwa. Sababu ya kupiga upande huo ni kwamba tundu la shoka la kiwandani limetanuka juu, na kabari imeutanua mti huko huko. Ukipiga kinyume unaukaza zaidi. Kama kuna misumari, itafute kwanza kwa macho kabla drili haijaikuta.

Lile la yule mama lilinichukua karibu saa nzima. Misumari mitatu ilitoka kwa koleo, miwili ikabidi niichimbulie pembeni. Kila mmoja ulikuwa umepasua mti kwa urefu, na ndiyo maana mpini ulikatika. Msumari hautanui mti kuujaza tundu. Unaupasua tu.

Kutu

Kwa kutu ya juujuu, brashi ya waya na mafuta ya taa vinatosha. Kwa iliyokula ndani, siki nyeupe ya dukani ndiyo dawa. Tumia ndoo ya plastiki, kichwa kizame chote, ukiache usiku mmoja. Usizidishe siku nzima, kwa sababu siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Asubuhi utakuta maji meusi na povu. Sugua kwa brashi, rudisha saa mbili tatu kama bado kuna madoa, kisha suuza kwa maji yaliyoyeyushiwa magadi, yale yale ya kulainishia maharage, ili ukali wa siki uishe. Kausha pale pale kwa kitambaa, anika juani dakika kumi, na pakaza mafuta mara moja. Ukikiacha kikiwa na unyevunyevu ukaenda kula, utarudi kukuta kutu mpya ya rangi ya chungwa.

Weusi unaobaki baada ya hapo uache. Hauna madhara, na kung'arisha kichwa kizima kama kijiko ni kumaliza chuma bure.

Makali

Vaa glovu ngumu kwenye mkono unaosukuma. Bana kichwa kwenye jiliwa, au kikandamize kwa vibano viwili ukingoni mwa meza. Chukua tupa bapa ya sentimita 25 hadi 30, na uisukume mbele tu. Ukirudi, inyanyue, tupa inayovutwa nyuma ikiwa imekandamizwa hupoteza meno yake haraka.

Chora kwa kalamu ya wino mzito umbo unalolitaka, upinde mdogo usio na shimo. Kama kuna sehemu zilizomeguka, usilazimike kuzimaliza zote. Pengo la milimita moja litaisha lenyewe baada ya kunoa mara kadhaa, na kulifukuza leo ni kutupa pua ambayo ingekufaa miaka mitano. Ukishapata umbo, piga tupa pande zote mbili kwa idadi sawa ya misukumo ili makali yakae katikati. Kwa shoka la kukata miti, pande mbili zikutane kwa pembe ya kama digrii 25. Kwa la kupasulia kuni, 30 na zaidi. Mashavu ya nyuma ya makali yawe na mviringo kidogo, kama tumbo la samaki. Shavu bapa huingia vizuri lakini hunasa, na utapoteza muda mwingi kulichomoa.

Sasa grenda. Najua wengi mnayo, na najua inavyovutia. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka shoka langu kwenye karakana moja mjini kwa sababu nilikuwa na haraka. Nililipokea linang'aa. Karibu na ncha ya juu kulikuwa na ukanda wa bluu wenye upana wa kidole, mzuri kuutazama, na kila nilipokata mgrivea ukanda ule ulijikunja kama bati. Nilitumia wiki nzima kwa tupa kuufikia chuma kizima nyuma yake. Kwenye ukingo mwembamba joto halina pa kukimbilia, hivyo sekunde tatu zinatosha. Kama huna budi, tumia grenda kwenye mashavu tu, gusa na uachie, chovya majini kila mara, na mkono wako usio na glovu uguse chuma. Kikikushinda kukishika, umeshachelewa. Ukingo wenyewe uachie tupa.

Malizia kwa kinoo, upande wa chenga kwanza kisha laini, kwa mizunguko midogo midogo na maji kidogo. Utahisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Geuza, uondoe, geuza tena kwa mkono mwepesi zaidi. Mwisho pitisha makali kwenye mkanda wa ngozi wa zamani, kwa kuvuta kinyumenyume. Shoka likikata karatasi ya daftari bila kuichana, liko tayari.

Mti wa mpini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hununua mpini wowote uliosimama dukani na kurudi kwangu baada ya mwezi.

Wamarekani wana hikori yao, ambayo huku haipo. Sisi tuna mpera, na mimi siulilii mti mwingine. Mpera ni mgumu lakini unanepa, yaani unakubali kujikunja kidogo na kurudi, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mpini wa shoka. Mkole, unaoota kwenye nyika za chini, una tabia hiyo hiyo, na wafugaji huutumia kwa fimbo. Mzeituni pori ni mgumu zaidi na hudumu sana, ila mshtuko wake unaufikia mkono wote hadi begani. Mbuni ni mzuri kwa kishoka cha mkono mmoja, maana shina lake ni dogo. Mkaratusi unafaa ukipata usiopasuka wakati wa kukauka, jambo ambalo si rahisi. Mringaringa ni mwepesi na haupindi. Uache kwa mizinga ya nyuki. Mgrivea uko kila kona ya shamba na kwa hiyo ndio kishawishi kikubwa, lakini mimi sijauamini kwa shoka.

Kabla ya kukata mti wowote, hata wa shambani kwako, pita kwa mtendaji wa kijiji uulizie kibali. Mara nyingi huhitaji mti mzima. Tawi lililonyooka lenye unene wa paja, au mpera uliokwisha kuanguka na upepo, linatosha mipini mitatu.

Gogo lipasue kwa kabari, usilichane kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi za mti zinakokwenda. Msumeno hukata popote unapouelekeza, na ubao unaoonekana umenyooka kwa nje unaweza kuwa na nyuzi zinazotokea ubavuni katikati ya safari. Mpini wa namna hiyo utavunjika pale pale nyuzi zinapotokea, siku utakapokuwa umetumia nguvu zako zote. Ondoa moyo wa mti, maana ndiko nyufa huanzia. Kisha tazama kichwa cha ubao, pale mistari ya ukuaji inapoonekana: unapochonga, mistari hiyo ielekee upande mmoja na makali, isiikate njia yao kama msalaba.

Kukausha kunataka subira. Paka rangi nzito au nta kwenye ncha zote mbili ili unyevu usikimbilie huko na kupasua. Weka kivulini penye hewa, juu ya dari ya jiko la kuni kama unalo, kwa miezi kadhaa. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, lakini vipande vilivyokwisha kupasuliwa kwa unene wa sentimita tano hukauka mapema zaidi. Kipime kwenye mzani wa duka. Kikipimwa leo na baada ya wiki mbili na uzito ukawa ule ule, kimekauka.

Kuchonga

Urefu: shika kichwa cha shoka kiganjani, mkono umenyooka pembeni, mpini ufike kwapani. Piga mstari wa katikati pande zote nne na usiufute mpaka mwisho, kwani ndio utakaokuambia kama unapinda. Toa sehemu kubwa kwa panga au tezo, kisha randa, kisha tupa ya mbao. Umbo liwe la yai, si duara. Mpini wa duara huzunguka mkononi na hujui makali yanatazama wapi. Shingo, chini kidogo ya kichwa, ipunguze iwe nyembamba kuliko unavyodhani. Mpini mnene shingoni hauna nguvu zaidi, unahamishia tu pigo lote kwenye viwiko vyako. Chini kabisa acha uvimbe kama kisigino ili mkono usiteleze.

Kwa kulainisha, hakuna kinachoshinda kipande cha chupa iliyovunjika. Kishike kwa kitambaa kizito, kwangua kufuata nyuzi, na utaona maranda membamba kama karatasi ya sigara yakidondoka. Baada yake msasa unahitajika kidogo sana.

Kuvisha kichwa

Chonga sehemu ya kuingia tunduni ikiwa kubwa kidogo kuliko tundu. Paka masizi yaliyochanganywa na mafuta ndani ya tundu, sukuma mpini uingie kidogo, toa. Penye alama nyeusi ndipo panapobana; kwangua hapo tu. Rudia. Mara ya kumi ni kawaida, mara ya ishirini si aibu. Kabla hujamaliza, kata mfereji wa kabari kwa msumeno, kutoka juu kwenda chini, kufuata urefu wa tundu, kina cha theluthi mbili za sehemu inayoingia.

Kukaza, usigonge kichwa. Shika mpini wima, kichwa kikining'inia chini hewani, ukapige kisigino cha mpini kwa nyundo ya mti. Kichwa ni kizito, kinabaki pale kilipo, mpini unashuka ndani yake. Mtoto akitazama ataapa kwamba kichwa kinapanda chenyewe. Endelea mpaka mti utokeze milimita tano juu ya tundu.

Lenga macho kutoka kisigino kuelekea makali. Makali na mstari wako wa katikati viwe kitu kimoja. Kama yameenda pembeni, toa na ukwangue upande unaosukuma. Usijiambie kwamba kabari itarekebisha, haitarekebisha.

Kabari iwe ya mti mkavu kabisa, mkavu kuliko mpini, yenye upana wa tundu na iliyochongoka polepole. Ipige kwa mapigo mafupi, ukisikiliza. Sauti hubadilika kutoka laini kuwa ngumu, na hapo simama. Kata ziada, ukiacha ule utokezaji wa milimita tano. Mti huo uliotanuka juu ya chuma ndio unaozuia kichwa kuruka.

Usiliweke shoka kwenye ndoo ya maji likaze. Mti hunywa, huvimba, hukosa pa kwenda kwa sababu chuma hakisogei, na nyuzi zake husagika ndani ya tundu. Jua la siku tatu likiukausha, unabaki mwembamba kuliko ulivyokuwa, na kesho unatafuta ndoo tena.

Mafuta

Tumia mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi. Yanaingia ndani na kukauka. Alizeti ya kupikia huchelewa sana na hubaki inanata mkononi. Vanishi hufunga juu tu na huleta malengelenge kiganjani. Paka mara moja kwa siku kwa siku tatu, ukifuta ziada baada ya robo saa, na ile sehemu ya juu ya tundu iinywe mpaka ikatae. Vitambaa ulivyotumia vitandaze juani au vizamishe majini. Vikiachwa vimekunjwa kwenye kona hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto.

Shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wa chuma unatoboa kichwa kinene cha mpini, halihitaji mambo ya kabari. Kila pigo linaukaza. Kazi yake yote iko kwenye kuchagua kifundo cha mti au shina la mzizi ambapo nyuzi zimesokotana, ili mkia usipasue, na tundu lichomwe kwa chuma chembamba cha moto, dogo kuliko mkia.

Yule mama alilichukua shoka lake mwezi wa pili, mpini wa mpera. Alilipima mkononi, akageuza makali kwenye mwanga, akauliza, "Hukulichoma?" Nikamwambia sikulichoma, mama. Nikamwomba alirudishe baada ya masika, kwa sababu mpini uliovishwa huku chini kwenye joto la mjini huvimba unyevunyevu wa Uru, huko juu mlimani, ukiupata, kisha hulegea kidogo hewa inapokauka tena. Alirudi mwezi wa saba na sweta lake. Kichwa kilikuwa kimeshuka upana wa uzi. Nikageuza shoka, nikapiga kisigino mara nne, nikagonga kabari mara mbili, nikadondosha mafuta juu ya tundu, na akaondoka nalo.